Mabasi Mawili ya Weller

Jikoni mwa shule ya Weller, wanawake wawili walikuwa wakijaza mifuko ya chakula. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa, lakini watoto walikuwa bado wana njaa. Kila asubuhi wazazi walikuja na magari yao mlangoni. Kila mtoto alipewa mkate wenye siagi ya karanga, tofaa na maziwa.

Lorna Pickett alipaka siagi. Vernell Gaines alifunga mifuko. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Lorna ni mzungu, mzaliwa wa Weller. Vernell ni mweusi, na anakaa Dunmore, mji wa jirani. Wote wawili walivaa barakoa na viatu vyeupe vya jikoni.

"Umepaka kama unapiga lipu," Vernell alisema.

"Watoto wanapenda nyingi."

"Wewe ndiye unayependa nyingi. Nakuona unavyolamba kisu."

Lorna alicheka. Kisha wakanyamaza, maana redio ilianza kutangaza habari. Wiki iliyopita, katika mji mkubwa, polisi alikuwa amemwua mtu mweusi barabarani mchana kweupe. Watu walipiga picha, na nchi nzima ikaona. Sasa kila mji ulikuwa na maandamano. Kwingine maduka yalichomwa moto.

"Jumamosi kutakuwa na watu hapa Weller pia," Vernell alisema. "Mbele ya mahakama. Tutasimama kimya, tutaimba kidogo, basi. Sisi wa kanisani kwetu tutakuja na..."

"Vernell, mwenzangu," Lorna alimkatiza, "mambo ya siasa mimi nawaachia wenyewe. Jumamosi napika jamu ya stroberi."

Vernell alimtazama. Kisha akarudi kwenye mifuko yake. Hawakuzungumza tena habari ile.

Alhamisi jioni simu ya Lorna ililia. Alikuwa Faye, wifi yake.

"Lorna, hili ni la mnyororo," Faye alisema.

Kila mtu wa Weller anaujua mnyororo. Ni mnyororo wa maombi wa kanisa lao. Mtu akiugua, habari inafika kwa Lorna. Lorna anawapigia wanawake watatu. Kila mmoja wao anawapigia watatu wengine. Kabla chakula cha jioni hakijapoa, mji mzima unamwombea mgonjwa. Aliyeuanzisha ni marehemu mama yake Lorna. Yeye ndiye aliyeweka sheria yake: pokea, ombea, pitisha. Usiulize. Kuuliza ni umbea, na mama yake hakutaka umbea ndani ya maombi.

"Jumamosi yanakuja mabasi mawili," Faye alisema. "Wachomaji wa kutoka mjini. Wamebeba matofali na petroli. Watashuka mbele ya mahakama. Polisi wenyewe wamethibitisha."

Lorna alifikiria duka kwanza. Duka la mume wake, Duane, la vyakula vya mifugo, liko mkabala na mahakama.

Hakuuliza. Alipiga simu tatu. "Tuombee mji wetu," alisema. "Yanakuja mabasi mawili."

Jumamosi asubuhi maduka yalikuwa yamepigiliwa mbao madirishani. Duane na wanaume wengine walipanda juu ya paa la duka lake. Kila mmoja alikuwa na bunduki ya kuwindia. Lorna alipanda ngazi na birika la kahawa. Aliogopa, lakini alijivunia pia. Aliona wanaulinda mji.

Chini, kwenye nyasi za mahakama, walikuwa wamesimama watu kama thelathini na mabango. Lorna aliwafahamu karibu wote. Yule mwenye kofia ya jua alikuwa Joyce Ahlers, mkuu wa maktaba.

"Hata Joyce yuko nao," Duane alisema. "Yakija hayo mabasi, ataujua moto ni nini."

"Labda hayaji," Lorna alisema.

"Si wewe uliyesema yanakuja?"

Kabla hajajibu, basi likakata kona. Lilikuwa jeupe, la zamani, na mapazia yake yalikuwa yamefungwa. Nyuma yake likaja la pili.

Mabasi mawili. Lorna alisikia wanaume wakikoki bunduki. Duane alipiga goti na kuelekeza yake kwenye mlango wa basi la kwanza.

Mlango ukafunguka. Kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa mguu. Mguu wenye kiatu cheupe cha jikoni.

Lorna alikijua kiatu kile. Kilikuwa na alama ya mafuta kidoleni. Alikuwepo siku mafuta yalipomwagika.

Vernell alishuka. Akatazama huku na huku, kisha akatazama juu. Aliziona bunduki. Alimwona Duane. Alimwona na Lorna, na birika lake mkononi.

Vernell hakupiga kelele. Aliinua mikono yake miwili polepole, vidole wazi, na hakusogea. Nyuma yake mzee mmoja aliyevaa joho la kwaya akafanya vilevile. Kisha bibi mmoja mwenye mkongojo. Alishindwa kuinua mikono yote miwili, akainua mmoja. Hakuna aliyewaambia la kufanya. Walijua tayari, na hilo ndilo lililomtisha Lorna kuliko bunduki.

"Duane, shusha!" alilia. "Ni Vernell. Ni Vernell wa jikoni."

Duane aliishusha bunduki. Aliitazama kana kwamba mtu mwingine alikuwa amempa. Kisha akakaa chini.

Kwaya haikuimba siku ile. Vernell aliwahesabu watu wake, akawarudisha ndani, na mabasi yakageuza. Hakumtazama Lorna tena.

Lorna alishuka ngazi na kukaa kwenye kizingiti cha duka. Joyce Ahlers alivuka barabara, akaketi kando yake.

"Lorna, hii habari ya mabasi uliipata kwa nani?" Joyce aliuliza.

"Faye ndiye aliyenipigia."

"Faye aliyaona?"

"Sijui. Sikumuuliza. Kwenye mnyororo hatuulizi."

Joyce alitoa simu yake. "Nataka usome hii. Soma kwa sauti."

Lorna akasoma. "Jumamosi yanakuja mabasi mawili. Wachomaji wa kutoka mjini. Wamebeba matofali na petroli. Polisi wenyewe wamethibitisha." Akainua macho. "Ni hiyohiyo."

"Tazama jina la mji."

Halikuwa jina la Weller. Ulikuwa mji wa jimbo jingine kabisa. Joyce akamwonyesha ujumbe mwingine, na mwingine tena. Maneno yalikuwa yaleyale. Jina la mji tu ndilo lililobadilika.

"Mtu anaandika mara moja," Joyce alisema. "Wenzake wanabadilisha jina la mji, wanapitisha. Hakuna mji hata mmoja uliochomwa na mabasi hayo. Ila kila mji umejaa watu walioshika bunduki."

"Lakini polisi walithibitisha."

"Niliwapigia kituoni jana. Walisema hawajathibitisha kitu. Wao nao walisikia kwenye mnyororo wenu."

Lorna alijifunika uso. "Na wewe mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia simu mara mbili Alhamisi jioni. Ilikuwa inatumika."

Kweli ilikuwa inatumika. Lorna alikuwa akipitisha habari.

"Mama alisema tusiulize," alisema kwa sauti ndogo.

"Mama yako alikuwa akisema habari za watu wenye homa," Joyce alijibu. "Ukikosea habari ya homa, hakuna anayedhurika. Habari inayomfanya mtu ashike bunduki, hiyo lazima uiulize. Nani aliona kwa macho yake? Alikuwa wapi? Naweza kumpigia mwenyewe? Kama hakuna aliyeona, ifie kwako. Na ikikutia hofu sana, ndiyo uicheleweshe zaidi. Iliandikwa hivyo ili usipate nafasi ya kufikiri."

Jumatatu Vernell alikuja kazini. Alivaa barakoa yake, akaanza kufunga mifuko. Lorna alikuwa hajalala vizuri tangu siku ile.

"Vernell, mimi ndiye niliyeieneza ile habari," alisema. "Naomba unisamehe."

"Nimeshaambiwa."

"Sikujua ni ninyi."

"Nilianza kukuambia. Hapahapa. Ulikuwa na jamu yako." Vernell aliuweka mfuko chini. "Unajua kuinua mikono vile nilimfundisha nani? Nilimfundisha Quentin, mwanangu, alipoanza kuendesha gari. Mikono juu, polepole, usibishane. Akafanya kama nilivyomfundisha. Polisi walimsimamisha kwa taa ya nyuma iliyoungua, wakamtupa chini, wakamvunja nyonga."

Lorna alikumbuka. "Uliniambia aliumia."

"Nilikuambia. Ukasema pole, ukaendelea kuhesabu maziwa. Hukuuliza aliumiaje."

Machozi yalimtoka Lorna yakaingia ndani ya barakoa.

"Usilie hapa nikaanza mimi kukubembeleza," Vernell alisema. "Nimechoka, Lorna."

"Silii ili unibembeleze." Lorna alijifuta. "Nataka kuuliza sasa. Aliumiaje? Niambie yote."

Vernell akavuta kiti. Siku ile wazazi walisubiri kidogo kwenye magari yao.

Alhamisi Faye alipiga tena. "Hili ni la mnyororo. Wanarudi Jumamosi, safari hii kuchoma kanisa."

"Nani ameona?" Lorna aliuliza.

"Ee! Tangu lini umekuwa hakimu?"

"Faye, nani ameona kwa macho yake?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Nipe jina la mmoja nimpigie."

Faye hakuwa na jina. Lorna alipigia kituo cha polisi, akampigia na Vernell. Hakukuwa na kitu. Hakuwapigia wale wanawake watatu. Habari ile ilifia jikoni kwake, kando ya sufuria ya jamu.

Jumapili, kwa ruhusa ya Vernell, aliuanzisha mnyororo yeye mwenyewe. Alichagua maneno kwa uangalifu. "Jumanne Quentin Gaines atasimama mbele ya baraza la wilaya kueleza jinsi polisi walivyomvunja nyonga. Nimeyasikia kwa mama yake mwenyewe. Namba yake ni hii, mpigie ukitaka kuuliza. Safari hii siombi mwombe tu. Njooni."

Watu walikuja mpaka viti vikaisha. Vernell alipofika mlangoni alisimama. Hakutazama nyuso. Alitazama mikono ya kila mtu kwanza. Lorna aliona macho yale yakipita mstari kwa mstari, mpaka yakafika kwa Duane. Duane alikuwa amebeba viti vya kukunja, viwili kila mkono. Alivifungua mbele, karibu na meza. Vernell alimwangalia kidogo, akaketi.

Quentin alitembea kwa fimbo. Aliongea polepole, bila kupayuka. Watu wengi wa Weller walikuwa wakilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, ingawa lilitokea mwendo wa dakika chache kutoka kwao.

Mwenyekiti wa baraza alikusanya karatasi zake. "Tunamshukuru kijana," alisema. "Kama hakuna swali, tuendelee na..."

Lorna Pickett aliinua mkono.

"Ninalo swali," alisema. "Aliyemvunja nyonga bado yuko kazini?"

Mwenyekiti alimtazama mwanasheria wa baraza. Mwanasheria alitazama meza.

"Yuko," mwenyekiti alisema.

Minong'ono ilipita ukumbini. Faye alikuwa safu ya nyuma. Naye akainua mkono. Kisha akainua Joyce, kisha Duane, kisha watu ambao Lorna hakutegemea kabisa. Kila mmoja alikuwa na swali lake.

Kikao kilichukua muda mrefu. Mwisho baraza lilikubali kesi ya Quentin ichunguzwe na watu wa nje ya wilaya, na polisi yule asimamishwe kazi mpaka uchunguzi uishe. Lilikubali pia kwamba malalamiko yote dhidi ya polisi yasomwe hadharani kila mwezi.

Walipotoka, Vernell alimsubiri Lorna kwenye ngazi.

"Kesho uje mapema," alisema. "Mifuko imeongezeka."

"Nitakuja."

"Na hicho kisu cha siagi nitakishika mimi."