Cheche Iliyowahi

Ijumaa ni siku ya soko Pontedera, mji wa Italia, na hapo katikati ya watu, mbele ya meza ya jibini, Vespa ya zamani ya Nevio Bacci, pikipiki yake ndogo, ilizimika. Alipoipiga kiki, ilimrudi ikamgonga mguu. Alipoipiga tena, ikalipuka moshi, na muuza jibini akaanza kufunika bidhaa zake.

"Cheche yako inawahi," mtu alisema nyuma yake.

Alikuwa msichana wa ovaroli ya buluu, nywele amezifunga kwa kitambaa chekundu, anakula pichi. Huyo ndiye Ilaria Meucci, fundi wa gereji ya baba yake hapo stesheni. Nevio, mpishi wa keki, alikuwa na unga kwenye nyusi.

"Umejuaje na hujaigusa?"

"Mguu wako unajua. Uulize."

Waliisukuma pamoja hadi gereji. Ilaria alimwonyesha platini, zile ncha mbili ndogo ambazo zikiachana, cheche hupiga. Akapima kwanza nafasi kati yake kwa kibati chembamba, ndipo akazungusha sahani ya chini mpaka alama zikakutana. Akamwonya kwamba ukiigusa nafasi baadaye, taimingi yote, yaani wakati wa cheche kupiga, imeharibika. Nevio aliitikia kila neno, lakini alikuwa akiitazama shingo yake.

Injini ilishika kwa kiki moja, na tangu siku hiyo simu hazikukatika. Ilaria alimwita mzee wa krimu, naye akamwita daktari wangu. Wakakubaliana kupanda pamoja Vespa ya Nevio katika safari ya kila Juni ya klabu yetu ya Vespa, kwenda Volterra, mji wa mlimani. Siku hiyo klabu ingechagua fundi wake, na kazi hiyo Ilaria aliitaka kuliko kitu chochote. Wazee kadhaa walikuwa bado wanaguna kusikia fundi msichana.

Jioni ya kuamkia safari, Nevio alitaka kumfurahisha. Akazisugua platini mpaka zikang'aa, akaongeza nafasi kidogo kwa bisibisi yake ya mfukoni, kwa kukadiria kwa macho tu.

Kwenye mlima wa Volterra injini ilianza kugonga kama njugu ndani ya sufuria, ikachemka, ikakwama. Vespa za wenzao zikapita moja moja. Mzee Oreste, mwenyekiti wetu, alipunguza mwendo.

"Meucci, baba yako asingeifunga hivi."

Ilaria alishuka, gauni lake la manjano limejaa vumbi.

"Nevio, uliigusa?"

"Hapana."

Neno hilo lilimtoka kwa woga, na hakuweza kulirudisha. Ilaria alipanda basi peke yake, na siku hiyo klabu haikuchagua fundi. Simu za Nevio hakuzipokea tena. Baada ya siku chache Nevio alisikia sokoni kwamba Ilaria amemrudishia baba yake spana zote, na anatafuta kazi ya kuuza viatu.

Habari hiyo ilimtoa jikoni na aproni yake. Klabu ilikuwa imekaa nje ya baa yetu, Ilaria na baba yake wakiwa meza ya pembeni. Nevio aliisukuma Vespa mpaka mbele ya Oreste.

"Nilipanua platini baada ya Ilaria kumaliza kazi," alisema. "Akaniuliza, nikakana. Mkono wake haukukosea."

Ilaria alisimama.

"Ulinifanya niuogope mkono wangu mwenyewe."

"Najua, daktari wangu."

Ilaria aliazima spana kwenye sanduku la baba yake, akapiga magoti katika sketi yake nzuri. Injini iliyokwama mlimani ilikuwa imeshapoa na kujiachia. Akapima nafasi, akalinganisha alama, hakuharakisha hata kidogo. Kisha akamwambia Oreste apige kiki yeye mwenyewe.

Oreste alipiga mara moja. Mlio ulitoka laini, na mzee akausikiliza muda mrefu huku watu wanamtazama. Mwishowe akasema klabu imepata fundi.

Baa nzima ikapiga meza. Nevio alikuwa bado amesimama na aproni yake.

"Ilaria, utakubali nikuoe?"

Ilaria alijifuta grisi, akanyoosha kiganja.

"Toa kwanza bisibisi uliyo nayo mfukoni."

Akaitoa. Ilaria akaitia kwenye sanduku la baba yake, akafunga kifuniko, ndipo akamshika mkono.

"Sasa nakubali."