Sauti Aliyoingoja Wifi Yangu

Jioni ile nilitoka kununua mafuta ya taa.

Tangu alfajiri nilikuwa hospitali nikifua mashuka ya wagonjwa. Vidole vilikuwa vimekunjamana kwa sabuni, mgongo unaniuma. Nilichotaka ni kuoga, nile, nilale. Niliporudi na chupa yangu, nikamkuta mdogo wangu Saïndou amesimama mlangoni pa nyumba yetu, hapa Magoudjou, Moroni. Ubavuni mwake alisimama mwanamume mwembamba wa makamo, amevaa kanzu ya kijivu.

"Dada Mounira, usiingie ndani," Saïndou akasema. "Tunatoka."

"Na mgeni?"

"Fundi Mikidache. Wa Mirontsy."

Nikaelewa. Wiki nzima Saïndou alikuwa Mutsamudu, jirani na Mirontsy, akiniambia anatafuta kazi bandarini. Kumbe alivuka bahari kutafuta mganga wa majini na mizimu.

Ilikuwa kwa ajili ya mkewe. Célestine alikuwa Mkristo wa Bukini, kile kisiwa kikubwa cha jirani. Yeye na Saïndou walikuja pamoja kwa ndege, mwaka watu wetu walipouawa huko, mjini Majunga, na waliosalia kurudishwa. Mwaka uliofuata wakaja mamluki na serikali ikaanguka. Célestine alikuwa akisema amechoka kukimbia. Homa ilipompata hakuishindania sana. Nilimuuguza mimi, katika chumba hiki hiki.

"Wifi," aliniambia, "usinililie kama mtu aliyepotea. Mimi nitalala tu. Yesu atakuja kuniita, nami nitaamka. Sauti yake naijua."

"Hata sisi tunaamini kufufuliwa," nikamjibu.

"Basi tutaonana." Akacheka, kikohozi kikamkata.

Alikufa siku ya tatu. Nilimwosha kwa mikono yangu. Padri akamzika katika makaburi ya Wakristo, penye mawe meusi ya volkeno. Toka siku hiyo Saïndou hakulala. Alikaa ukutani, macho wazi, chakula kikipoa mbele yake. Nilipomkumbusha maneno ya mkewe, alinijibu taratibu:

"Siku ya mwisho ni mbali, dada. Mimi sifiki."

Sasa fundi akanisogelea. Alinuka ubani, na chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine, kama ngozi mbichi iliyosahaulika juani.

"Nani alimwosha marehemu?" akanong'ona.

"Mimi."

"Basi utakuja. Ataitika akikusikia upo."

Ningekataa. Lakini nilimtazama mdogo wangu, mifupa ya uso imemtoka, nikaona nikikataa nitamzika na yeye. Nikaweka chupa kizingitini.

Adhana ya magharibi ilikuwa inatoka msikiti wa Badjanani tulipofika makaburini. Wanaume wote msikitini. Gari la askari likapita barabarani, likaenda zake. Ndani hapakuwa na mtu. Kaburi la Célestine lilikuwa pembeni, na karibu nalo kulikuwa na kaburi jipya la mamluki mmoja, mzungu, aliyekufa kwa malaria. Wenzake walimfukia harakaharaka. Msalaba wa vijiti viwili, bila jina. Hakuna aliyemlilia.

Fundi akawasha ubani, akainama juu ya kaburi la wifi yangu.

"Célestine..."

Upepo ukakatika.

"Célestine..."

Mawe yakagongana chini. Ko... Ko... Kama mtu anayebisha kwa adabu.

"Wifi."

Sikuisikia kwa masikio. Niliisikia kwa nyayo, ikipanda miguuni kama baridi ya sakafu. Ilikuwa sauti yake.

"Wifi, nani ananiita?"

Nikainamia mawe. "Saïndou. Amekuja na mtu..."

Baridi ikapanda tena miguuni.

"Siyo sauti ninayoingoja. Mwambie Saïndou akalale. Mimi nimelala vizuri."

Saïndou akaanguka juu ya mawe. "Célestine, rudi! Rudi nyumbani!" Akalia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Fundi hakupenda kukataliwa. Alikuwa mtu wa kunong'ona, lakini sasa alipaza sauti. Akapiga ardhi kwa fimbo.

"Yeyote aliyelala hapa asiye na wa kumngoja... ainuke!"

Hakuna kitu.

Kisha... kaburi la jirani.

Udongo ulivuta pumzi. Harufu ya mafuta ya bunduki ikajaa puani. Msalaba wa vijiti ukaanguka. Nikasikia kokoto zikisagika.

Buti.

Hatua moja. Nyingine.

Sikuinua macho. Nilitazama miguu yangu, na kutoka chini ya miguu sauti ya wifi yangu ikaja tena, safari hii kwa huruma:

"Masikini yule. Mwambie arudi alale. Siku bado."

Nilitumwa mimi. Maneno machache tu. Lakini mdomo wangu haukufunguka. Nilimshika Saïndou ukosi wa shati, nikamburuta, tukakimbia hadi nyumbani.

Usiku huo alilala. Alilala mpaka adhuhuri ya pili, akaamka, akaomba wali. Alisema amemsikia mkewe, basi. Buti hakuzisikia. Taratibu alirudi katika watu.

Mimi nilipita makaburini asubuhi nikienda kazini. Kaburi la Célestine lilikuwa salama, kila jiwe mahali pake. La yule askari lilikuwa limebonyea katikati, kama godoro alilotoka mtu. Padri alisema ni mvua. Wiki ile mvua haikunyesha.

Fundi hakuonekana tena Moroni. Miezi ikapita. Kisha akalazwa kwetu hospitalini mama mmoja wa Mutsamudu, Zouhoura, mpenda mazungumzo. Nikiwa nambadilishia shuka akaniambia kwamba Mirontsy kuna fundi ana kibarua mzungu.

"Anaponda mawe nyuma ya nyumba," akasema. "Hali chakula. Hasemi. Hakuna aliyewahi kumwona amekaa."

Shuka likaniponyoka.

Nilivumilia siku tisa. Ya kumi nikapanda meli ya mizigo. Nilishuka Mutsamudu nikiwa nimetapika njia nzima, nikaenda kwa miguu mpaka Mirontsy, nikifuata watu waliponielekeza. Ilikuwa baada ya alasiri, jua bado kali. Nikasikia nyundo kabla sijaona nyumba.

Yule mzungu alikuwa amenipa mgongo. Sare imepauka, buti zimepasuka visigino. Nyundo ilipanda, ikashuka. Hospitali nimewafunika wafu wengi, uso wa maiti haunitishi. Kilichonitisha kilikuwa mabega yake. Sijapata kumwona kiumbe aliyechoka namna ile.

Nikakusanya Kifaransa changu cha wodini.

"Bwana... nimetumwa kwako. Rudi ukalale. Siku bado."

Nyundo ikasimama hewani.

Akageuka polepole. Vumbi likamporomoka mashavuni. Macho yalikuwa makavu, lakini yalinitazama kama mgonjwa anavyomtazama mtu wa kwanza kuingia wodini asubuhi. Midomo ikahangaika muda mrefu kulipata neno.

"Lini?"

Nilikanyaga ardhi kwa nguvu, labda wifi yangu angeniambia la kumjibu. Ardhi ya Mirontsy ilikuwa bubu.

Ndani ya nyumba, fundi akakohoa.

Yule mtu akanitazama kidogo zaidi. Kisha akageukia mawe yake, na nyundo ikaanza tena.