Chapuchapu na Mlango Uliokwaruzika

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, kila mtu katika nyumba ile alikuwa na kazi yake. Mama alikagua matairi na mafuta ya injini. Kaka alifagia uani. Mdogo wake wa kike, mwanafunzi wa darasa la sita, aliosha teksi ya Mama. Nyumbani walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakulipata bure. Akiosha vyombo, vijiko vilirudi kabatini na chakula cha jana. Akipiga deki, pembe za chumba hazikuyaona maji. Lakini siku zote alikuwa wa kwanza kumaliza, na kwake hilo lilitosha.

Jumamosi moja haikuwa ya kawaida. Hoteli kubwa ya mjini ilitaka teksi moja ya kubeba wageni wake, na jioni meneja angekagua magari yeye mwenyewe. Mama alikuwa amechoka kuzunguka barabarani tangu alfajiri hadi usiku akisaka abiria.

"Nikiipata kazi hii, nitakuwa narudi kabla hamjalala," alimwambia binti yake. "Ioshe vizuri, mwanangu. Leo usiwe Chapuchapu."

"Sawa, Mama."

Ilikuwa sawa ya mdomoni tu. Mama alipoingia ndani kupiga pasi shati lake, Chapuchapu alikuta kinyesi cha ndege kimekauka kwenye mlango wa nyuma. Alijua dawa yake: unaweka kitambaa chenye maji juu yake na kusubiri kilainike. Kusubiri? Yeye? Alikimbia jikoni akaleta waya wa kusugulia sufuria. Kama waya huo unatoa ukoko, alijiambia, utashindwaje na kinyesi cha ndege?

Akasugua kwa nguvu zake zote, na alipoona mlango unatakata, akausugua wote. Kisha akamwagia maji, akarudi nyuma kutazama kazi yake. Mlango mweusi ulikuwa umejaa mikwaruzo myeupe, juu hadi chini.

Kaka yake alisogea na fagio mkononi. "Umekwisha," alisema. Halafu, kwa kuwa alimpenda dada yake, akaongeza, "Ngoja, usilie."

Alirudi na kopo la dawa ya viatu, nyeusi tii. Akapaka, akapiga brashi kama anayeng'arisha kiatu cha shule. Kumbe mikwaruzo ikatoweka yote. "Unaona? Mama hatajua, meneja hatajua. Wewe funga mdomo tu."

Chapuchapu alishusha pumzi. Lakini alipogeuka kuchukua ndoo, gauni lake liligusa mlango, likapata weusi kiunoni. Akalitazama. Akamfikiria mgeni wa hoteli aliyevaa nguo nyeupe akishuka kwenye mlango huo. Mama angeaibika mbele za watu bila hata kujua sababu.

"Namwambia Mama," alisema.

"Atakuchuna ngozi."

"Acha anichune. Mficha maradhi kilio humfichua."

Mama alikuja, akautazama mlango, akasikiliza habari yote ya waya na ya dawa ya viatu. Hakufoka. Aliigeuza ndoo, akaikalia. "Leo," alisema polepole. "Kati ya siku zote, leo." Macho yake yalilengwa na machozi, na hapo Chapuchapu akaangua kilio.

Baada ya muda Mama alijifuta uso, akainuka. "Haya, machozi hayang'arishi gari. Leteni maji ya sabuni."

Walipokwisha kuosha dawa yote ya viatu na kukausha mlango, Mama alimshika binti yake kidole, akapitisha ukucha wake taratibu juu ya mikwaruzo. "Unanasa?"

"Haunasi."

"Basi una bahati. Juu ya rangi kuna tabaka jembamba linalong'aa, na ni hilo tu ulilolikwaruza. Ukucha ungenasa, tungempelekea fundi wa rangi. Hii tunaitoa hapa hapa nyumbani. Na nikisema tunaitoa, maana yake unaitoa wewe."

Waliisogeza teksi kivulini, wakangoja bati lipoe, kwa sababu dawa ya kung'arishia rangi ya gari hukauka upesi kwenye bati la moto. Mama alitoa kopo la dawa hiyo na vipande vya fulana kuukuu. "Chukua kidogo, kama punje ya mahindi. Zungusha mkono kwa miduara midogomidogo, sehemu ya ukubwa wa kiganja. Ukiimaliza ndipo uhamie nyingine."

Chapuchapu alianza kama kawaida yake, akikandamiza na kukimbilia upande wa pili. Mama akamdaka kifundo cha mkono. "Unakimbizwa na nani?"

"Muda unakwenda, Mama."

"Muda haujakwaruza gari. Mkono wako ndio."

Akaanza upya, polepole. Kaka alipewa kazi ya kufua vitambaa, kwani chembe moja ya mchanga ingeleta mikwaruzo mingine, naye hakuthubutu kunung'unika. Chapuchapu alifuta sehemu ya kwanza, akachungulia. Mistari ilikuwepo vile vile.

"Haitoki," alisema kwa unyonge.

"Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Rudia."

Akarudia. Mistari ikafifia. Akarudia tena, na safari hii akaiona pua yake mwenyewe ndani ya mlango. Alicheka peke yake. Wenzake walimwita kucheza, hakugeuka. Mkono wa kulia ulipochoka alitumia wa kushoto, kiganja baada ya kiganja, mpaka mlango wote ukawa mweusi unaometa. Ulibaki mkwaruzo mmoja karibu na kitasa.

"Niusugue tena?"

"Hapana. Tabaka lile si nene, ukiling'ang'ania utalimaliza. Kujua pa kuachia nako ni kazi." Wakapaka nta mlangoni, wakaifuta, kisha Mama na binti yake wakaondoka.

Hotelini magari yalipangwa mstari. Meneja, mzee wa miwani asiyecheka ovyo, aliyapitia moja moja. Kwenye mlango wa teksi yao alichuchumaa, akaweka kidole karibu na kitasa. "Hapa pamekwaruzika."

Mama alifungua mdomo, lakini Chapuchapu alimtangulia. "Ni mimi, mzee. Asubuhi nilisugua mlango kwa waya wa sufuria, ukakwaruzika wote. Mama amenielekeza nikautengeneza. Huo mmoja umekataa."

"Wote?" Meneja aliinamisha kichwa, akautazama mlango kwa upande kwenye mwanga. Alitafuta, akakosa. Kisha akamgeukia Mama. "Magari yanayong'aa nimeyaona mengi leo. Mimi nataka dereva ambaye kitu kikiharibika, nitaambiwa. Anza Jumatatu." Akakohoa kidogo. "Na gari langu limekwaruzwa na paka kwenye boneti. Huyu fundi wako ataliweza?"

"Ataliweza," Mama alijibu, "ila usimharakishe."

Meneja akacheka, na Mama, mwanamke mpole, akapiga vigelegele katikati ya uwanja wa hoteli hadi walinzi wakageuka.

Nyumbani aliwaita wanawe wote wawili, akawashika mabega. "Sikilizeni. Kosa ukilificha, linakuwa aibu. Ukilisema mapema, linakuwa kazi, na kazi hufanywa ikaisha. Huyu leo ameimaliza yake."

Jumatatu, taa za mtaani zilipokuwa zinawashwa, teksi nyeusi iliingia uani, na kwa mara ya kwanza tangu shule zifunguliwe walikula chakula cha jioni pamoja na Mama.