Gauni Lililosubiri Dharura Iishe

"Zima hiyo redio, Nereida. Nimeshasikia," Eliseo alisema, huku akizamisha mkate wa siagi kwenye kahawa ya maziwa.

"Umesikia nini?"

"Rais ameongeza tena. Mwaka mmoja."

"Na wewe je? Unaongeza?"

Akatafuna taratibu kama mkate una mifupa. Kisha akasema yale yale ya kila Februari.

"Ahadi ni ahadi, Nereida. Dharura ikiisha, tunavuka, tunaoana."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne tulipopanga harusi yetu. Gauni nilishona mwenyewe, maana nilikuwa fundi cherehani kiwandani hapa Hialeah, Florida, na magauni ya dukani hunibana kwapani. Eliseo alikuwa fundi wa injini za boti kule mto Miami. Mabega aliyokuwa nayo! Acha tu.

Siku alipoondoka Cuba, alimwapia mama yake, Bi Eudosia, pale ufukweni Caibarién: nitarudi na boti yangu mwenyewe, nioe mbele yako. Akaiunda boti hiyo miaka mitano, uani kwake, akaiandika ubavuni jina la mama. Karatasi zote tukapata. Nguruwe wa karamu alikuwa ameshanunuliwa kule. Safari ilikuwa Jumamosi, tarehe mbili Machi 1996.

Wiki moja kabla, serikali ya kule ikatungua vindege viwili vya raia juu ya bahari. Watu wanne wakafa. Mtaa mzima ulilia, na mimi nililia, na sikuwa nikililia gauni. Ijumaa, siku moja kabla ya safari yetu, rais wa huku akatangaza hali ya dharura: boti ya Florida isiingie maji ya Cuba bila ruhusa.

"Miezi michache tu," Eliseo aliniambia.

Gauni nikalitundika kabatini.

Dharura hiyo, kama hujui, hujifia yenyewe mwaka ukifika isipoongezwa. Lakini huongezwa. Marais wamebadilika, vyama vimebadilika, kiuno changu kimebadilika, yenyewe ipo. Bi Eudosia akafariki mwaka 2009. Tukavaa nyeusi, na Eliseo akasema ahadi ya marehemu ndiyo nzito zaidi. Tukaendelea hivyo, yeye kwake, mimi kwangu, barabara katikati. Asubuhi kahawa kwangu, alasiri domino kwake, na mengine hayawahusu.

Ila Februari ile, ya ishirini na nane tangu tutangaziwe dharura, Eliseo alipomaliza mkate na kwenda zake, nililijaribu gauni. Zipu ikagoma katikati ya mgongo kama punda. Nikakaa kitandani, nusu nimevaa nusu niko wazi, nikajiambia: Nereida, una miaka sabini na miwili. Ukizidi kusubiri, gauni hili utavalishwa na watu, ukiwa umelala.

Nikavaa rinda langu la maua, nikaenda kwa Zoraida. Huyu ndiye anayetujazia karatasi mtaani. Ana muhuri wa serikali, na kwa muhuri huo huo hufungisha ndoa, palepale kati ya mashine ya fotokopi na sanamu ya Bikira.

"Zoraida, hiyo ruhusa ya boti huombwaje?"

"Kwa fomu."

"Fomu gani?"

"Fomu tu, bibi wee. Ipo miaka yote. Wanaweza kukukatalia, lakini kuomba hukatazwi. Kwani Eliseo hajakwambia? Kila Februari anachukua moja hapa."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Kila Februari?"

"Anaijaza hapo ulipokaa, halafu anaondoka nayo. Na kalamu yangu pia."

Nikampigia simu nikiwa bado mlangoni.

"Eliseo, uko wapi?"

"Kwenye boti. Napiga brashi."

"Shuka."

"Kuna nini?"

"Fomu."

Jogoo wa jirani yake ndiye aliyenijibu. Nikakata. Sijafika kona, ujumbe ukaingia: "Njoo tuongee. Ila mkasi uache nyumbani."

Boti yenyewe iko uani kwake, juu ya tela lake la magurudumu, miaka yote hiyo, imepakwa rangi kila kiangazi. Nikapanda ngazi na matusi yangu nimeyapanga vizuri, kuanzia madogo. Nikamkuta amekaa kwenye benchi, kopo la biskuti mapajani. Akanipa nifungue.

Fomu ishirini na nane. Za mwanzo zimegeuka njano. Zote zimejazwa kwa ule mwandiko wake wa kulala. Jina la boti: Eudosia. Abiria: Nereida. Sababu ya safari: kuoa.

"Hukupeleka hata moja?"

"Hata moja."

"Una mwanamke mwingine?"

"Kwa mabega haya ya sasa?"

"Usinichekeshe, nimekasirika! Kwa nini?"

"Mwanzoni niliogopa watanikatalia. Halafu mama akafa."

"Akafa, ndiyo. Tukamlilia. Ni miaka kumi na mitano!"

"Amekufa huku, Nereida. Kule hajafa." Akajifuta pua kwa kitambaa cha rangi, akajipaka buluu. "Nikivuka, nitakuta nyumba ina watu wengine. Nisipovuka, bado amesimama pale ufukweni, kitambaa kichwani, ananingoja. Kila rais akiongeza mwaka, na mama anaongezewa."

Nikayaacha matusi yangu, nikakaa kando yake kwenye benchi. Nikamwona yule kijana wa mabega, na nikamwona mama yake ambaye sikuwahi kumshika mkono, na nikasikia harufu ya nguruwe ambaye sisi hatukumla. Tulikuwa wazee wawili ndani ya boti isiyo na maji.

Kisha nikasema, "Mama yako ana rais wa kumwongezea. Mimi nani ananiongezea?"

Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa.

"Gauni bado linakuingia?"

"Haliingii. Nitalipasua ubavuni nitie kipande."

"Niliapa nitaoa mbele yake, Nereida."

"Na huyu ni nani?" Nikagonga ubao wa boti kwa ngumi. "Umemwandika mwenyewe ubavuni. Umempaka rangi kila kiangazi. Mbele yake zaidi ya hapa ni wapi?"

Akacheka. Akalia. Buluu ikamfika mashavuni.

Tulipokwenda kuchukua kibali cha ndoa, karani akatuambia kwa upole, "Samahani wazee wangu, kuna siku tatu za kusubiri."

Nilicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Siku tatu!

Tukaoana Ijumaa, tarehe moja Machi. Jirani alileta pikapu lake akaligeuza tela, ili boti iangalie kusini, iliko Cuba. Zoraida alipanda ngazi na muhuri wake, akimwomba Bikira amshike. Eliseo alivaa shati jeupe la mifuko minne, mimi gauni langu lenye kipande kipya ubavuni, cheupe kuliko lenyewe. Aliposema "nakubali," alikuwa ameweka kiganja juu ya ubao wa boti, na mimi sikukiondoa.

Jumatatu tukapeleka fomu ya ishirini na tisa. Kwenye sababu ya safari aliandika: kupeleka maua. Majibu hayajaja. Tunasubiri, lakini siku hizi tunasubiri kwenye kochi moja.

Februari iliyofuata nilikuwa jikoni nakoroga maharage meusi. Ujumbe ukaingia kutoka kwa mume wangu, aliyekuwa sebuleni, hatua sita: "Redio inasema rais ameongeza mwaka."

Nikafuta mikono, nikamjibu: "Na mimi nimekuongezea. Mmoja tu. Mwakani tutaangalia tabia."