Bunduki ya Mashoto

Saa moja na dakika tano asubuhi, mfagizi wa uwanja wa shabaha alimkuta kocha wa klabu amelala kifudifudi chini ya mbao za shabaha, karatasi nne mpya zikiwa bado zimebanwa kwapani. Risasi moja ilikuwa imemwingia nyuma ya shingo. Umbali wa mita mia moja kutoka hapo, juu ya mkeka wa kulalia, ilikuwapo bunduki moja, na ganda moja la risasi lilikuwa limeangukia upande wa kushoto wa mkeka.

Inspekta alifika saa moja na nusu. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye sare iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe, na alikuwa amebakiza miezi minne astaafu. Koplo wake alikwisha kutangulia, akawa anamsubiri huku akitabasamu.

"Afande, hii kazi imekuja imeshapikwa. Tazama mwenyewe."

Inspekta alipiga magoti. Bunduki ile haikufanana na nyingine zilizokuwa katika ghala la silaha la klabu. Komeo lake la kuingizia risasi, ambalo kwa kawaida hukaa kulia, lilikuwa kushoto. Kipande cha kuegemezea shavu kilikuwa kimechongwa kwenye upande wa kulia wa kitako. Mtu wa mkono wa kulia asingeweza kuilalia na jicho lake likafikia kilengeo.

"Ni ya nani?"

"Ya binti wa fundi wa bunduki, yule wanayemwita Mashoto. Baba yake ndiye aliyemtengenezea. Na jana jioni, mbele ya watu, binti huyo aligombana na marehemu."

Inspekta alitazama nyuma ya kitako. Bamba la begani lilikuwa limeshikiliwa na vijiti viwili vya chuma, na juu ya vijiti hivyo palikuwa na mstari wa rangi nyeupe. Bamba lilikuwa limevutwa nje kupita mstari ule, kiasi cha upana wa vidole vitatu. Aliliandika jambo hilo katika daftari lake, kisha akaagiza bunduki ipelekwe kwa wapimaji wa alama za vidole.

Saa tatu kamili aliketi katika ofisi ya katibu wa klabu na kuwaita wote waliokuwa na ruhusa ya kuingia ghalani. Walikuwa saba, Katibu mwenyewe akiwamo. Hakuwauliza neno kwanza. Aliweka karatasi na kalamu mezani.

"Kila mmoja aandike jina lake lote na mahali alipokuwa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja."

Kalamu ilipita mkono hadi mkono. Watano waliandika kwa mkono wa kulia. Wawili waliandika kwa kushoto: Mashoto, msichana mfupi wa miaka kumi na tisa, na askari wa wanyamapori mmoja mrefu mno, aliyeitwa Mlingoti. Inspekta aliwaruhusu wale watano watoke.

"Binti, ulikuwa wapi?"

"Nilikuja saa kumi na mbili kama kawaida. Nikapiga risasi kumi, nikasafisha bunduki, nikairudisha ghalani. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano nikaondoka."

"Nani alikuona ukitoka?"

"Hakuna. Bawabu alikuwa ameondoka getini, amekwenda kuchota maji."

"Mikono yako ina masizi ya baruti."

"Nimekwambia nilipiga risasi kumi, mzee. Ulitaka inuke waridi?"

"Chunga ulimi wako! Jana mligombana kwa nini?"

"Alinifokea kwa sababu navuta pumzi vibaya. Kila siku ananifokea. Ndiye aliyenichagua kwenda mashindanoni, gari linaondoka keshokutwa. Nimuue ili iweje?"

Inspekta alimgeukia Mlingoti. Yule askari alifungua vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Bega lake la kushoto lilikuwa limefungwa bendeji hadi kifuani.

"Nilianguka na pikipiki wiki iliyopita, afande. Mtulinga umevunjika. Hata mke wangu akinikumbatia napiga yowe, sembuse bunduki. Daktari yupo, muulize."

Daktari aliulizwa, akathibitisha. Kwa hiyo akabaki mmoja. Saa nne na nusu Mashoto alivuliwa mkanda na kamba za viatu, akafungiwa mahabusu.

Inspekta alipokuwa akiondoka klabuni, Katibu ndiye aliyemsindikiza hadi mlangoni. Walikuwa wamejuana tangu utotoni, walisoma shule moja ya bweni.

"Pole kwa kazi, ndugu yangu," alisema Katibu, huku akimenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda likining'inia kama utepe. "Nilimwonya marehemu. Nilimwambia, hawa watu wa kushoto wana yao. Hakunisikia."

"Wewe saa hizo ulikuwa wapi?"

"Si nimeandika? Humu ndani, napiga chapa barua. Tena mimi bunduki sijaigusa maisha yangu yote. Kazi yangu ni makaratasi." Alimkatia Inspekta kipande cha chungwa. Inspekta alikila, akaenda zake.

Kesho yake saa mbili asubuhi matokeo yalifika. Bunduki yote ilikuwa imefutwa kwa kitambaa, isipokuwa mahali pamoja: juu ya kimoja cha vile vijiti vya chuma, katika sehemu ambayo huonekana tu bamba likivutwa nje, palikuwa na alama ya dole gumba la kushoto. Haikuwa ya Mashoto. Wala haikuwa ya baba yake.

Inspekta alifungua daftari lake mahali alipoandika habari za bamba na mstari mweupe. Halafu alichukua kofia yake, akaenda kwa fundi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Ilinukia mafuta ya kitani na vumbi la mbao. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, haifanyi lolote. Hakusimama.

"Umekuja kunichukua na mimi?"

"Nimekuja kuuliza. Ule mstari mweupe kwenye kitako ni wa nini?"

Fundi aliinua macho taratibu. "Ni kipimo cha mwanangu. Ana mikono mifupi. Bamba likipita pale, kidole chake hakifikii kifyatuo. Kwani ulilikuta wapi?"

"Vidole vitatu nje ya mstari."

"Vidole vitatu!" Fundi alisimama sasa. "Na ulimfungia mtoto wangu ilhali umeliona? Huyo ni mtu mzima, tena wa mikono mirefu. Mwanangu hapigi hata debe kwa kipimo hicho."

"Lakini ni lazima awe wa kushoto. Na wa kushoto wako wawili tu. Niliwapima wote."

"Uliwapimaje?"

"Niliwaandikisha majina."

Fundi alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha yoyote. "Mzee wangu, umewapima kwa kalamu? Mimi na wewe tulisoma enzi gani? Nani katika rika letu aliachwa aandike kwa kushoto? Walichapwa, wakafungwa mikono, hadi wakaandika kama wengine. Kalamu wakaihamisha, na kijiko wakakihamisha. Lakini bunduki shule haikuwafundisha. Nyundo, kisu, jiwe la kurusha, hivyo vyote vilibaki vilikokuwa."

Alimsogeza Inspekta hadi katikati ya chumba, akamwamuru anyooshe mikono yote miwili mbele, aunganishe viganja na kuacha tundu dogo katikati, halafu autazame kupitia tundu lile msumari uliokuwa ukutani.

"Macho yote wazi. Sasa vuta mikono usoni, usiupoteze msumari."

Mikono ya Inspekta ilikuja yenyewe kwenye jicho la kulia.

"Wewe ni wa kulia kwelikweli. Kila mteja wangu nampima hivi kabla sijagusa mbao. Sichagui bunduki kwa mkono unaoandikia, nachagua kwa jicho. Na kila niliyempima nimemwandika."

Inspekta hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa anaona kisu kidogo na ganda la chungwa likining'inia, na sasa aliona pia kisu kilikuwa katika mkono upi. Zaidi ya hapo aliona jambo jingine, la miaka hamsini nyuma: utepe wa kitambaa cheupe, mkono wa kushoto wa mtoto mwembamba ukifungwa kwenye mguu wa dawati, na kiranja wa darasa la tatu akikaza fundo kwa sababu mwalimu alimwagiza. Kiranja huyo alikuwa yeye.

"Katibu wa klabu," alisema polepole. "Yumo katika daftari lako?"

Fundi alifunua kurasa. "Miaka kumi iliyopita. Alitaka bunduki ya kulia. Nikampima, jicho likawa la kushoto. Nikamwambia. Alinitukana, akatoka, hakurudi." Kisha akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Na hii hapa ni ya miaka mitatu iliyopita. Kocha aliniletea mtoto wa Katibu, naye wa kushoto mtupu. Nikaiandikia klabu maombi ya kumbadilishia bunduki. Yakarudi hivi."

Juu ya maombi yale palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu: *Hakuna haja. Mwanangu si mashoto.* Chini yake palikuwa na sahihi ya Katibu.

"Mtoto akawa anatumia bunduki ya kulia kwenye bega la kushoto," Fundi aliendelea. "Dirisha la kutolea maganda liko kulia, kwa hiyo linamkodolea mpigaji usoni. Siku moja ganda likapasuka. Moto wote ukatokea pale. Jicho likaenda. Waliandika kwamba risasi ilikuwa mbovu. Ndiyo, ilikuwa mbovu. Lakini angekuwa na bunduki kama ya mwanangu, moto ungetokea upande wa pili."

Saa sita mchana Inspekta aliingia ofisi ya Katibu pamoja na Koplo. Aliweka mezani kidau cha wino na karatasi nyeupe.

"Naomba dole gumba lako la kushoto, bwana Katibu."

"La kushoto la nini? Mimi naandika kwa kulia, umeniona kwa macho yako."

"Nimekuona ukimenya chungwa pia."

Katibu alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. Inspekta aliitandaza ile karatasi yenye wino mwekundu mbele yake.

"Ulifuta bunduki yote. Lakini bamba lilikuwa fupi kwako, ukalivuta, na dole likagusa kijiti. Ulitaka kulirudisha, ila bawabu alikuwa anarudi na ndoo zake. Ukaona haidhuru, kila mtu atamtazama binti. Na kweli nilimtazama yeye."

Katibu alikuwa akiitazama sahihi yake mwenyewe.

"Unajua aliniambia nini?" hatimaye alisema. "Juzi, mbele ya wanachama wote, siku ya kumpongeza yule msichana. Nilimuuliza, mbona wa fundi umemhangaikia hivi, wangu ukampa bunduki ya kumuua? Akanijibu: 'Ungetia sahihi karatasi moja, mtoto wako leo angekuwa na macho mawili. Wewe ndiye uliyempofusha.' Watu wakanitazama. Hakuna aliyenitetea."

"Alisema kweli."

"Najua alisema kweli!" Katibu alipiga meza, na mkono uliopiga ulikuwa wa kushoto. "Ungekuwa uongo ningeweza kuishi nao. Kijana wangu anakaa chumbani tangu siku ile, hataki hata kunisalimia. Nilitaka asipitie niliyopitia mimi. Nilitaka awe kama watu."

"Na binti wa watu angeozea gerezani."

"Aoze! Kwa nini yeye apewe?" Alimkazia macho Inspekta. "Na wewe usijitie usafi. Lile fundo la darasa la tatu ulilikaza wewe. Nilikuomba ulilegeze. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Koplo aliwatazama wote wawili, hakuelewa.

"Nakumbuka," alisema Inspekta. "Nilisema ni amri." Alikivuta kile kidau cha wino. "Lete dole."

Alama zililingana. Saa tisa alasiri Katibu aliandika maelezo yake, kurasa sita, kwa mwandiko mzuri ulionyooka.

Lakini kuandaa hati za kumwachia Mashoto kulichukua siku nzima nyingine, kwa kuwa mkuu wa kituo alikuwa safarini na muhuri ulikuwamo kabatini mwake. Alipotolewa mahabusu, gari la mashindano lilikuwa na saa tatu tangu liondoke. Nafasi yake ilijazwa na mwingine. Baba yake alikuwa amesimama mapokezini, kofia mkononi.

"Na bunduki?" aliuliza Fundi.

"Ni kielelezo," alisema Inspekta. "Kesi ikiisha, sheria inataka chombo kilichoua kiharibiwe."

"Niliichonga miezi saba."

"Najua."

"Hujui," alisema Fundi, akageuka dirishani.

Mashoto alikuwa akipitisha kamba kwenye viatu vyake. Hakuinua kichwa.

"Mzee, uliponipa kalamu siku ile, ulikuwa umeshaamua. Sivyo?"

Koplo alikohoa. Inspekta angeweza kutaja ganda la risasi, masizi ya baruti, ugomvi wa jana yake, bawabu asiyekuwapo. Yote yalikuwamo katika faili, yamepangwa vizuri.

"Nilikuwa nimeshaamua," alisema.

Msichana alifunga kiatu cha pili, akamshika baba yake mkono, wakatoka bila kuaga.

Nakala ya hati ya kuachiwa, ile ya kuwekwa kwenye faili, ilibaki mezani ikisubiri kujazwa. Koplo aliisoma kwa sauti: jina, umri, tarehe, saa. Alipofika kwenye *sababu ya kukamatwa* akasita.

"Hapa tuandike nini, afande? Kutiliwa shaka?"

Inspekta alimpokonya kalamu. Aliandika maneno matatu kwa herufi kubwa, zinazosomeka na mtu yeyote atakayelifungua faili lile baada yake: *MKONO WA KUSHOTO.* Akatia sahihi chini yake, kwa jina lake lote.