Masanduku Kumi na Moja

Kila Alhamisi kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wenzake walikimbilia uwanjani, naye Sisimizi akashika njia ya chuo kikuu. Jina hilo alipewa na bibi yake alipokuwa na miaka mitatu, kwa kuwa hakukaa bila kitu mkononi. Akitoa hiki hapa, akipeleka kile pale. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwezi ule hakuwa na hamu ya kubeba chochote, hata mkoba wake mwenyewe.

Mama yake alikuwa muuguzi, na wodi ilikuwa imepungukiwa watu, hivyo alifanya zamu mbili mfululizo. Kuteka maji, kuosha vyombo na kupiga pasi sare, vyote vilimwangukia Sisimizi. Mitihani nayo ilikuwa mlangoni. Alikuwa akiamka amechoka na kulala amechoka.

Nyuma ya maktaba ya chuo palikuwa na stoo ndefu yenye madirisha mawili na chumba cha ndani. Hapo ndipo Chama cha Akina Mama wa Chuo kilipokutana kwa miaka hamsini na mmoja. Ukutani ilitundikwa picha ya wanawake wanne walioanzisha chama hicho kwa sufuria moja na blanketi mbili, baada ya kumkuta mwanafunzi mpya amelala sakafuni na mtoto wake mchanga. Tangu siku hiyo, kila mwanafunzi aliyekuja chuoni na mtoto aliazimwa sanduku lenye blanketi, sufuria, vikombe, beseni la kuogeshea mtoto na birika la umeme. Alipomaliza masomo, alilirudisha.

Zamani wanachama walikuwa arobaini. Walikunywa chai, wakacheka, wakasengenyana kidogo, kisha wakafanya kazi. Siku hizi walibaki tisa, na kati ya hao ni watano tu walioweza kupanda ngazi za stoo. Chai ilikuwepo bado. Kicheko kilikuwepo pia, ila kilikatizwa na miayo.

Mwenyekiti alikuwa mkutubi mstaafu, naye mpaka leo alinong'ona utadhani kuna mtu anasoma kando yake. Bibi yake Sisimizi alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya mkuu wa chuo kwa miaka ishirini na minane. Sasa alishona blanketi zilizochanika, huku magoti yake yamevimba. Na alikuwepo Mama Fundi, mwenye miaka sabini na minne, aliyetunza vifaa vya maabara maisha yake yote. Bisibisi yake aliichomeka kwenye kilemba, na miwani yake aliifunga kwa uzi.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Sisimizi alifungua sanduku, akatazama kila kitu, akampelekea Bibi blanketi na Mama Fundi birika. Mama Fundi alilipindua birika, akaukagua waya kwa vidole, akachemsha maji kidogo, kisha akasema, "Hili zima." Kila kitu kiliporudi mahali pake, Sisimizi alifunga sanduku na kuchora alama ya vema kwa chaki juu ya kifuniko. Juu ya mlango palibandikwa kipande cha boksi kilichoandikwa na waanzilishi: ANAYEWEKA ALAMA NDIYE ALIYEFUNGUA.

Alhamisi ile, masanduku arobaini na tisa yalikuwa tayari. Wanafunzi wapya wangeanza kuwasili Jumamosi. Katika chumba cha ndani yalibaki kumi na moja, kuanzia namba hamsini hadi sitini.

"Yamebaki mangapi?" Mwenyekiti alinong'ona kutoka mezani.

"Machache tu," Sisimizi alijibu.

Alichungulia kupitia mlangoni. Bibi alikuwa akijisugua magoti kwa mikono yote miwili. Mama Fundi alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi, miwani imemshukia puani. Sisimizi akayatazama yale masanduku. Yalionekana safi, na kamba zake zilikuwa zimefungwa vizuri. Mwaka jana hakuna lililokuwa na kasoro kubwa. Mgongo ulimuuma, na kitabu cha sayansi kilimngoja nyumbani.

Bora liende, alijiambia. Akachukua chaki, akachora vema kumi na moja, moja baada ya nyingine. Haikumchukua hata dakika mbili. Kisha akaketi juu ya sanduku la mwisho kama dakika tano hivi, ili asionekane amewahi mno.

"Tumemaliza!" akatoka akisema.

Akina mama wakapiga makofi. Mama Fundi akazinduka na kupiga makofi pia, ingawa hakujua anashangilia nini. Jioni ile Bibi alifika nyumbani mapema, akatumbukiza miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akafumba macho. "Mjukuu wangu," alisema, "leo umeniokoa." Sisimizi alikula chakula bila kusikia ladha yake.

Jumamosi masanduku yote sitini yaligawiwa. Wiki ikapita. Alhamisi iliyofuata Sisimizi alikuwa akiosha vikombe kwenye sinki la stoo, mlango ulipobishwa. Aliingia mwanafunzi wa sheria, mtoto mgongoni, mkono wake wa kulia umefungwa bandeji. Kwa mkono wa kushoto alishika birika lililoviringwa taulo.

"Shikamooni, mama zangu," alisema. "Sikuja kulaumu. Nimeona niwaambieni tu, asije akaumia mwingine."

Alieleza kuwa alichomeka birika ili apate maji ya kumwogeshea mtoto. Waya ulitoa cheche karibu na plagi, ukamuunguza kiganja. "Mkono utapona," alisema. "Ila nilikuwa nimembeba huyu mgongoni."

Mama Fundi alilipokea birika, akaufuata waya kwa vidole mpaka mahali ulipochunika, nyaya za ndani zikionekana wazi. Hata mtoto wa darasa la kwanza angepaona.

"Sanduku namba ngapi?" aliuliza.

"Hamsini na tatu. Lilikuwa na alama yenu."

Mama Fundi akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. "Basi limepita mikononi mwangu," alisema polepole. "Siku ile nilisinzia. Nakumbuka nilisinzia."

"Dada yangu," Mwenyekiti alinong'ona kwa huruma, "umetufanyia kazi miaka mingi. Labda sasa macho..."

Mama Fundi alichomoa bisibisi kwenye kilemba, akaiweka mezani kando ya sahani ya biskuti. "Mtafuteni mwenye macho," alisema. "Mimi nisije nikaua mtoto wa mtu."

Pale kwenye sinki, Sisimizi alikuwa ameshika kikombe kimoja muda wote huo. Aibu ilimchoma usoni. Aliwaza kwamba hakuna aliyemwona. Akinyamaza, mambo yataisha hivi hivi: bibi mmoja mzee atakwenda kupumzika kwake, na pengine anastahili kupumzika. Lakini mabirika mengine kumi yalikuwa mabwenini, na hakuna aliyejua ila yeye.

Mama Fundi alichukua mkoba wake akaja upande wa sinki. "Sisimizi, mwanangu," alisema, "nishike mkono kwenye ngazi. Leo sizioni vizuri."

Ngazi zile alizipanda na kuzishuka kila wiki, tena akimtania Bibi kwa uzito wake. Sisimizi alishindwa kuvumilia. Machozi yakamtoka.

"Unaziona, Mama Fundi! Macho yako ni mazima. Birika lile hukuliona hata mara moja. Mimi sikukuletea."

"Hukuniletea?"

"Sikulifungua sanduku. Nilichora alama tu."

"Hilo moja?"

"Kumi na moja," Sisimizi alisema. "Yote ya chumba cha ndani."

Alingoja wamfokee. Hawakumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Mwenyekiti alifungua daftari la walioazimwa masanduku na kuanza kutafuta namba. Mwanafunzi wa sheria alimtazama Sisimizi, kisha akautazama mkono wake.

"Naomba unisamehe, dada," Sisimizi alisema.

"Nimekusikia," yule mwanafunzi alijibu. "Nitakusamehe. Lakini nenda kwanza kwa wengine."

Mama Fundi aliirudisha bisibisi kwenye kilemba. "Kumi bado yako nje," alisema. "Chai itatungoja. Twende, na atakayesema mlangoni ni wewe."

Bweni la familia lilikuwa na ghorofa nne, na lifti yake iliharibika kabla Sisimizi hajazaliwa. Walipanda taratibu, Mama Fundi akipumzika kila kona. Mlango wa kwanza ulipofunguliwa, Sisimizi aliamkia, akaishia hapo. Ilibidi aanze tena.

"Shikamoo. Mimi ndiye niliyeweka alama kwenye sanduku lako, lakini sikulifungua. Tunaomba tukague birika."

Alisema maneno hayo mlango wa pili, na wa tatu. Baba mmoja alicheka na kumwambia asijali. Mama mmoja alimkaripia mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Mwingine alimtazama Mama Fundi alivyohema, akaleta viti viwili na maji ya kunywa. Maneno yalikuwa yale yale, lakini hayakuzoeleka hata kidogo. Mlango wa saba ulikuwa mgumu kama wa kwanza.

Mama Fundi alikaa kila palipokuwa na nafasi, akapindua, akapapasa, akachemsha. "Hili zima," alisema. "Hili zima." Lilipatikana moja linalovuja, akaliweka kando. Kwenye chumba cha mwisho, ghorofa ya nne, walimkuta mtoto wa miaka miwili akiburuta birika sakafuni, waya ameushika kama kamba ya mbuzi. Katikati ya waya palikuwa pamechunika, upana wa kidole.

"Huwa tunamwachia achezee likipoa," mama yake alisema. "Ndilo linalomnyamazisha, hilo."

Mama Fundi alimnyang'anya mtoto waya kwa upole, akampa kifuniko cha sufuria apige. Sisimizi alikaa kwenye kizingiti.

Waliporudi stooni, chai ilikuwa imepoa. Bibi alikuwa amekaa pale pale, sindano mkononi, lakini hakuwa ameshona hata mshono mmoja.

"Mimi pia nina neno," alisema. "Nimepiga chapa miaka ishirini na minane. Kazi ya dakika tano naijua, na ya saa mbili naijua. Masanduku kumi na moja hayakaguliwi kwa muda ule. Tena sikuletewa hata blanketi moja. Nilijua kuna kasoro, mjukuu wangu, nikanyamaza, kwa sababu magoti yaliniambia twende nyumbani."

"Bibi, kosa ni langu."

"Ni lako. Na kipande chake ni changu. Usilimalize lote peke yako kama biskuti."

Mwenyekiti alicheka kwa kunong'ona, na wengine wakacheka kidogo. Mama Fundi alimvuta Sisimizi akamketisha kando yake kwenye benchi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, uzito wake huuoni. Sisi tulikuona mdogo, tukadhani huchoki. Hatukukuuliza, na hapo tulikosea. Lakini kuchoka si kosa. Hapa sote tumechoka; ukitafuta asiyechoka, ni wale wanne wa kwenye picha. Ungetoka ukasema, 'Nimechoka, yamebaki kumi na moja,' yangekaa pale bila alama. Sanduku lisilo na alama halimdhuru mtu, maana kila anayeliona anajua bado. Lililomuunguza yule dada si uchovu wako. Ni ile alama. Alama ni neno lako. Mtu akiiona, anaacha kuangalia mwenyewe, anakuamini. Kazi ukiifanya nusu, sema nusu."

"Ndiyo, Mama Fundi."

"Na kingine." Mama Fundi alijigusa miwani. "Leo nusura uniibie macho yangu. Umeyarudisha. Asante kwa hilo."

Sisimizi alilia tena, safari hii bila kujificha, na Bibi akampa ncha ya kanga yake ajifutie.

Alhamisi iliyofuata, wanafunzi watano waliochelewa kuwasili walihitaji masanduku. Sisimizi aliyateremsha matano ya akiba kutoka kwenye rafu. Alifungua la kwanza, la pili, la tatu. Blanketi zilikwenda kwa Bibi, mabirika kwa Mama Fundi, kila kitu kikarudi, na vema tatu zikachorwa. Halafu alisimama, akaiweka chaki kwenye kopo lake. Maneno aliyotaka kuyasema hakuwahi kuyasema mbele ya wakubwa.

"Nimechoka," alisema. "Yamebaki mawili. Sijayafungua."

Kisha Mama Fundi akavua miwani na kunyoosha mgongo mpaka ukalia. "Afadhali umesema wewe," alisema. "Mimi nilikuwa naona haya."

Wakafunga madirisha wakaenda nyumbani. Masanduku mawili yalilala pale bila alama, na kesho yake Sisimizi akaja akayafungua.