Ngata ya Kaniki

Mwasiti ni jirani yangu hapa Ibadakuli, enzi hizo mke wa Akida, fundi cherehani. Alikuwa na adabu hadi anakera: hakupiti bila shikamoo, hakuoni na mzigo akakuacha. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Nassibu, aliyempata baada ya mimba kuharibika mpaka watu wakachoka kumpa pole. Hakumshusha mgongoni hata akienda kisimani.

Mwaka wa sabini na sita, mvua zilipokatika, akaenda kumtembelea dada yake Zuwena kule Nyalubanga, kamji ka mlimani upande wa Geita. Wazungu wa mgodi waliochonga njia za kupandia milima walikuwa wameshaondoka, lakini njia zilibaki, na wageni bado walikuja kuzitembea. Mwasiti naye akataka alione ziwa kutoka juu.

"Nenda," Zuwena alimwambia. "Ila ukikuta mtu na mzigo huko, usimtue. Mpishe apite."

"Hata mtu mzima?"

"Hasa huyo."

Mwasiti akacheka. "Sikulelewa hivyo, dada."

Loo! Kumbe adabu nayo huua.

Jua likiwaka, kwenye kona moja alimkuta bibi kajifunga kaniki, furushi kubwa kichwani, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nitue, ng'wana wane. Shingo imekwisha."

Nani angekataa? Akamtua. Bibi akaomba asaidiwe furushi mpaka kileleni, yeye atambeba mjukuu. Si ndivyo tufanyavyo sote? Ukimpokea mtu mzigo, naye anakupokea mtoto. Bibi akajifunga Nassibu mgongoni kwa khanga ya mama yake. Kisha akatoa ngata yake ya kichwani, kipande cha kaniki kilichosokotwa duara, akamwekea Mwasiti, akamtwika. Ngata ilikuwa na joto kama mtoto mwenye homa.

Wakapanda, Mwasiti mbele. Nyuma yake bibi alikuwa akibembeleza kwa Kisukuma. Furushi likazidi kuwa zito.

"Bibi, humu mna nini?"

"Tembea. Usigeuke, utamwamsha."

Furushi likacheza. Kitu kikajinyoosha ndani. Kikakwaruza. Pembeni ya Mwasiti palikuwa na korongo.

Bibi akamnong'oneza, mdomo sikioni kabisa. "Kama limekushinda, litupe."

Akalitupa.

Furushi lilishuka likilia. Sauti ilikuwa ya Nassibu.

Akageuka. Bibi hayupo. Chini kulikuwa na khanga yake, imefungwa vizuri kama ya kubebea mtoto. Ndani yake mlikuwa na jiwe.

Wanaume walishuka, wakampandisha mtoto akiwa bado ndani ya furushi la kaniki. Walimzika hukohuko. Unadhani mji ule ulimlilia? Thubutu! "Si alionywa?" walisema, wakarudi kwenye shughuli zao. Zuwena mwenyewe hakumsindikiza hata stendi.

Mwasiti alirudi kwetu shingo imezama mabegani, ngata bado kichwani. Akida aliichoma moto. Asubuhi akaikuta kizingitini. Akaitumbukiza chooni, ikarudi. Mwisho akaondoka yeye, akamwacha mkewe na ngata yake. Miaka ikapita, wenzangu wote wakawa wanamkwepa Mwasiti. Mimi nikawaita washenzi, tena machoni pao.

Jana alitoka bombani na ndoo ya maji, akasimama mlangoni pangu. Jasho linamtiririka.

"Nitue, Mama Shaaban," alisema. "Shingo imekwisha."

Nikamtua. Mtu na jirani yake, jamani! Akanitazama, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu amzike mwanawe. Akaondoka bila ndoo, shingo imenyooka.

Asubuhi hii nimefungua mlango, ngata iko kizingitini kwangu. Nimeigusa. Ina joto.

Na ndani mke wa Shaaban ananiita nikampokee mjukuu.